Kutoka Dodoma kwenda kutembea pwani ya Bagamoyo: maswali tunayoulizwa kila mara

Sisi ni watu wa kawaida wa Dodoma: walimu wawili, fundi umeme, mama mwenye duka pale Majengo, watumishi wachache wa wizarani, na mzee mstaafu anayetuzidi wote kwa mwendo. Jumamosi tunapanda vilima vya hapa nyumbani. Mara mbili au tatu kwa mwaka tunashuka Bagamoyo kutembea ufukweni. Tukirudi na picha simu zinaanza kuita, na maswali ni yale yale. Nimeona niyaandike yote pamoja na majibu yake, maana sauti imenikauka.

Kwa nini Bagamoyo, wakati Dar es Salaam ina bahari yake?

Dar ni nzuri kwa kukaa ufukweni, si kwa kutembea. Unatembea kidogo, unakuta ukuta wa mtu. Bagamoyo ufukwe ni mrefu, mji mkongwe uko hatua chache kutoka majini, na wavuvi wako kazini wala hawajawekwa hapo kwa ajili ya watalii. Ukitaka bahari, magofu, mikoko na chai ya asubuhi bila kupanda gari kati ya kimoja na kingine, sijui pengine pa karibu na sisi panapofanana na hapo.

Halafu kuna jambo moja ambalo mtu wa Dodoma analielewa haraka kuliko mtu wa Arusha: makao makuu kuhama. Bagamoyo ndiyo ilikuwa makao makuu ya kwanza ya koloni la Wajerumani huku kwetu, mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Sisi tumeishi na habari za kuhamia Dodoma tangu uamuzi wa mwaka 1973. Ukitembea Mtaa wa India kule Bagamoyo unaona mji unavyobaki pale ofisi zinapoondoka: milango mikubwa ya kuchongwa, kuta zilizomomonyoka, mbuzi kwenye kivuli cha baraza.

Tunafikaje?

Treni ya SGR ndiyo iliyoifanya safari hii iwe ya wikiendi. Kabla haijaanza kufika Dodoma, Julai 2024, tulikuwa tunamaliza siku nzima kwenye basi na tunafika miguu imevimba kabla hata ya kutembea. Sasa Dodoma hadi Dar ni kama saa nne, au pungufu kwa treni ya haraka. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh 31,000; angalia ya sasa kabla ya kupanga bajeti. Tiketi za Ijumaa na za kuelekea sikukuu huisha mapema. Usisahau kitambulisho. Tuna mwenzetu aliyekiacha kwenye suruali nyingine, akatuaga akiwa nje ya geti.

Ukishuka Dar, nenda Makumbusho kwa daladala, bajaji au bodaboda, kisha panda gari la Bagamoyo. Ni kilomita 70 na ushee, ila usizihesabu kwa kilomita. Mwenge, Tegeta, Bunju: kila mahali pana foleni yake. Ukishapita Bunju gari linapumua.

Mwenye gari binafsi hana haja ya kuingia Dar kabisa. Pita Morogoro, Chalinze, pinda kushoto kuelekea Msata, kisha ushike barabara ya lami ya Msata hadi Bagamoyo, kilomita 64. Kutoka Dodoma jumla ni kama kilomita 450.

Tarehe gani ni nzuri?

Hili ndilo swali ambalo watu huliuliza mwisho, na lilipaswa kuwa la kwanza. Sisi wa bara tunapanga safari kwa kalenda ya ukutani: Ijumaa kuondoka, Jumapili kurudi. Pwani inapangwa kwa mwezi wa angani. Chagua mwezi kwanza, tiketi baadaye.

Maelezo ni haya. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka maji yaliyopwa kabisa hadi yaliyojaa ni saa sita na dakika chache. Kwa kuwa zile dakika 50 zinazidi siku ya kawaida, kila siku maji yanachelewa kwa muda huo kulinganisha na jana yake. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mwandamo, maji huenda mbali sana na kurudi juu sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayaji juu. Hayo huitwa maji mafu.

Kwenye pwani yetu bamvua ina saa zake, na wenyeji wanazijua kichwani. Siku ya mwezi mpevu na siku ya mwandamo, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Ukishika hilo tu, mengine unayapiga hesabu mwenyewe. Siku tatu baada ya mwezi mpevu, ongeza dakika 50 mara tatu: maji yatapwa kama saa sita na nusu mchana. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji ndiyo yamejaa, na ufukwe wa kutembea umebaki kamkanda kembamba chini ya minazi.

Kwa hiyo wikiendi nzuri ya kutembea ni ile inayoangukia mwezi mpevu au mwandamo, au siku moja mbili baada yake. Unaamka, unakunywa chai, saa mbili unaingia mchangani maji yakiwa bado yanaondoka mbele yako. Wakati wa bamvua tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi, na kwa kuwa ufuo wa Bagamoyo umelala, si wa mteremko mkali, mita hizo za kwenda juu zinakuwa mamia ya mita za mchanga mtupu. Mashua zinabaki zimeegemea ubavu kama ng'ombe waliolala.

Hesabu ya kichwani ni ya kuchagulia wikiendi. Kabla ya kutoka siku yenyewe, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kwenye simu, na muulize mvuvi. Ukikuta wanatofautiana, mimi namfuata mvuvi.

Ni kweli mliwahi kunaswa na maji?

Kweli, na ndiyo maana jibu la juu ni refu hivyo.

Ilikuwa safari yetu ya kwanza, siku moja baada ya mwezi mpevu. Tulikula chakula cha mchana mjini bila haraka, saa saba tukaanza kutembea kuelekea kusini kwa ufukweni. Mchanga ulikuwa mpana, tukaona tuna bahati. Tulivuka kijito kimoja kinachotoka kwenye mikoko, maji ya kifundo cha mguu, hatukukitazama mara mbili. Tukapiga picha. Tukakaa chini ya mvinje tukamenya machungwa. Saa tisa na nusu tukageuka.

Kile kijito kilikuwa kimekuwa mto, na ulikuwa unakwenda kinyume: maji yanatoka baharini yanaingia nchi kavu. Sisi watu wa makorongo tunajua mto unaojaa kwa mvua ya kwao mbali. Mto unaojaa mchana kweupe bila wingu hatukuwahi kuuona. Mama wa duka alishika simu kwa meno na gauni kwa mikono miwili. Maji yalimfika mapajani, akarudi. Mzee akasema tungoje yapungue. Kumbe yalikuwa na saa nzima na nusu ya kuendelea kuongezeka.

Aliyetuokoa ni mtoto wa miaka kama kumi aliyekuwa na ndoo ya kaa. Alitutazama kwa muda, kisha akauliza, "Nyie wa bara?" Tukasema ndiyo. "Maji si yale yanakuja, hamuyaoni?" Akatupitisha kwa kinjia nyuma ya mikoko, tukatokea barabarani tukiwa na matope mpaka magotini. Tulimpa machungwa yaliyobaki. Alichukua mawili tu.

Kosa letu halikuwa kuchelewa. Tulianza kutembea wakati maji yameshageuka. Na kuna jambo la kujua hapo: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kugeuka yanatambaa, unadhani yamelala. Nusu nzima ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati, ya tatu na ya nne. Hapo ndipo tulipokuwa tunamenya machungwa.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu: tunaanza saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na saa moja baada ya hapo awe kila mtu amegeuka kurudi, awe amefika alikokuwa anakwenda au hajafika.

Njia zenyewe ni zipi?

Njia tunazozirudia ni tatu. Usizimalize zote siku moja.

Ya kwanza ni ya alfajiri, kutoka soko la samaki kuelekea kaskazini kwa mchanga. Ni fupi. Uzuri wake ni saa yenyewe: kule jua linachomoza baharini, upande wa Zanzibar, na kwa mtu aliyezoea kuliona likitokea nyuma ya vilima ni jambo la kusimama. Mashua zinaingia, samaki wanatupwa mchangani kwa mafungu, mnada unaanza. Bei inapanda haraka kuliko unavyoweza kugeuza shingo. Usinyooshe mkono kuonyesha kitu.

Ya pili ni ya mji mkongwe na misheni. Anzia Kituo cha Misafara, shuka Mtaa wa India, pita Boma la Wajerumani, kisha elekea kaskazini hadi misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Pale kuna makumbusho, kuna mbuyu uliopandwa mwaka huo huo na ambao umemeza mnyororo, kipande kimebaki kikichungulia kwenye gome. Kuna pia kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone uliwekwa Februari 1874, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma na Susi ndio walioongoza msafara huo, wakipitia Tabora. Kutoka misheni kuna njia yenye miembe mikubwa pande zote inayokuteremsha hadi msalaba ulioko ufukweni. Njia hii ndiyo ninayompeleka mama yangu: kivuli kipo, pa kukaa papo, na bahari haiwezi kukufuata.

Ya tatu ni Kaole, na inastahili swali lake.

Kaole ni mbali? Kuna nini?

Ni kama kilomita tano kusini mwa mji. Kuna magofu ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, na makaburi 22, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Kwenye nguzo utaona vishimo vya duara palipokuwa pamepachikwa bakuli za kauri kutoka China. Kuna kisima, na kuna mbuyu mkongwe ambao mwongozaji atakwambia ukiuzunguka unaongezewa umri. Mzee wetu alizunguka mara tatu kwa tahadhari.

Kilichonishangaza mimi si magofu. Mji huu ulikuwa bandari, lakini leo ukisimama pale huoni bahari. Unaona mikoko. Tope lilijaa, mikoko ikaota juu yake, vyombo vikashindwa kuingia, biashara ikahamia Bagamoyo. Ingia kidogo kuelekea kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, utaelewa: mizizi imesimama kama vidole, kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanazama kwenye matundu ukikaribia, na matope yanatoa sauti ya kitu kinachochemka kwa moto mdogo. Simama kimya dakika mbili, wale kaa watatoka tena wote kwa pamoja.

Mara ya kwanza nenda kwa barabara ya kijijini na urudi kwa barabara. Kwenda kwa ufukweni kunawezekana maji yakiwa yamekupwa, ila uwe na mwenyeji anayejua pa kupandia, maana ukifika kwenye mikoko mchanga unaisha. Kuna kiingilio, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo kile kitambulisho cha treni kinafanya kazi tena. Pale ni makaburi ya watu. Usipande juu ya kuta kwa ajili ya picha.

Napanda kilima cha Mlimwa hapa Dodoma kila wiki bila shida. Kwa nini kule nilichoka kilomita nne tu?

Hujazeeka. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Pwani hewa imejaa unyevu; jasho linatoka, halikauki, na mwili haupoi. Juu ya hapo unatembea kwenye mchanga laini unaomeza kila hatua. Tembea kwenye mchanga ulioloa, karibu na maji, ndio mgumu. Kunywa kabla ya kiu: lita mbili kwa asubuhi moja si nyingi. Sisi hubeba pakiti za ORS kama za watoto wanaoharisha, na hatuoni aibu.

Nivae viatu gani?

Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Raba zinanyonya maji na kuwa mzigo, kandambili zinabaki kwenye tope la kwanza. Pekupeku ni raha kwenye mchanga safi, lakini penye miamba na majani ya bahari kuna vile vidude vyeusi vyenye miiba, na mwiba wake ukikatikia mguuni safari imekwisha. Kwenye maji ya kina kifupi buruta miguu badala ya kuinua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akiwa amejifukia mchangani akusikie akimbie.

Na mavazi? Ni mji wa Waislamu, tuna mabinti.

Ufukweni karibu na hoteli watu huvaa watakavyo. Ukiingia mitaani, sokoni au magofuni, funika mabega na magoti. Kanga moja kwenye begi inamaliza maswali yote. Salimia. Mtu mzima anapewa shikamoo kwanza, ndipo unauliza njia. Kuhusu picha, omba. Mvuvi anayevuta jarife ana haki ya kusema hapana, na akisema hapana usipige kwa mbali ukidhani haoni.

Siku moja tulimsalimia mzee aliyekuwa akiziba mashua kwa pamba na mafuta. Aliposikia tunatoka Dodoma akaweka nyundo chini, akatusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Alikuwa amefanya kazi Kongwa, huku kwetu, ujanani. Hatukuelekezwa njia siku hiyo, tulisindikizwa.

Ni salama?

Kama mji wowote. Usitembee peke yako kwenye ufukwe usio na watu, hasa kati ya mji na Kaole, na usitembee huko jioni. Kamera na simu ndani ya begi. Ukichukua mwongozaji, mchukue kwenye ofisi za makumbusho au kupitia gesti unayolala, mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza, na umwambie unarudi saa ngapi. Namba ya dharura ni 112. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, siku hiyo tembeeni mji mkongwe.

Sijui kuogelea. Nisije?

Wengi wetu hatujui. Maji yakifika magotini, simama hapo. Mambo mengine ni ya waliozaliwa nayo.

Miezi gani?

Juni hadi Septemba. Kusi inavuma, joto limepungua, mvua hakuna. Masika ya pwani ni Machi hadi Mei. Barabara za ndani zinakuwa tope na mto Ruvu unamwaga maji ya udongo baharini. Desemba hadi Februari ni kaskazi na joto lake, unatembea alfajiri tu, saa tatu uwe kivulini. Kuna watu huja mwishoni mwa mwaka kwa ajili ya tamasha la sanaa la TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho kiko hapo hapo karibu na ufukwe. Ngoma ni nzuri, vyumba vinakuwa haba.

Tunaweza kuendelea kwa miguu kaskazini hadi Saadani?

Hapana. Kuna mdomo wa mto Ruvu, wenye viboko na mamba, na mikoko isiyopitika. Mbele yake kuna Wami. Saadani yenyewe ni hifadhi ya taifa, ya pekee nchini inayopakana na bahari, ina tembo na simba. Humo unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki baada ya kulipa kiingilio. Ni safari nzuri sana lakini ni nyingine. Mikoko ya Ruvu unaweza kuiona kwa mashua ya kukodi kutoka Bagamoyo.

Watoto na wazee?

Watoto kuanzia miaka minane wanatembea vizuri kuliko wakubwa, kwa sababu wanasimama kila hatua kumi. Shida ni kuwatoa. Wazee wapelekwe njia ya pili, asubuhi.

Hivi Bagamoyo inatuhusu nini sisi Wagogo?

Aliniuliza kijana mmoja kwa dharau kidogo, na nilifurahi ameuliza.

Njia ya misafara iliyoishia pale ilipita hapa kwetu. Kutoka Ujiji hadi Tabora, ikaingia Ugogo kupitia Kilimatinde, ikapita Mpwapwa, ikateremka hadi Bagamoyo: karibu kilomita 1,200 kwa miguu. Ugogo ulikuwa kipande kinachoogopwa, maana maji ni ya kuhesabu, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliotaka kupita na kunywa. Wapagazi walibeba pembe za ndovu, na pamoja nao waliswagwa watu waliofungwa. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia, na Mpwapwa na Kilimatinde zimo pamoja na Bagamoyo.

Jina la mji wenyewe lina tafsiri mbili, na watu wanabishana mpaka leo. Bwaga moyo: tua, pumzika, umefika, asema mpagazi anayeweka pembe chini. Au bwaga moyo: uache moyo wako hapa, kwa sababu mbele ni jahazi na hutarudi, asema mtumwa. Mimi naona mji mmoja unaweza kuwa na majina mawili yanayotamkwa sawa.

Kule ufukweni pia kuna jiwe la kumbukumbu pale Wajerumani walipowanyonga waliowapinga wakati wa vita vya Abushiri, 1888 hadi 1889. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Tukifika hapo hatupigi picha za kuchekacheka. Hatukuambizana, imetokea tu hivyo.

Tutakula nini? Mimi nina mlenda damuni.

Mlenda utausubiri nyumbani. Asubuhi kula vitumbua na maharage ya nazi. Mchana samaki wa kukaanga na wali, au pweza ukithubutu. Afunge mdomo anayesema ni mpira, amekutana na aliyepikwa vibaya. Jioni kahawa chungu na kashata barazani. Dafu likatwe mbele yako. Ukienda wakati wa zabibu, beba kilo mbili za kuwapa wenyeji. Hakuna kinachofungua mazungumzo kama zabibu za Dodoma zilizofika bila kupondeka.

Nipo Dar kikazi, nina saa mbili tu. Kuna chochote?

Tembea kwa miguu Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Lenyewe lina urefu wa kilomita moja na kidogo, lina njia ya waenda kwa miguu, na linapita juu ya bahari. Anzia upande wa hospitali ya Aga Khan, vuka, malizia Coco Beach kwa muhogo wa kukaanga na pilipili. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa yake.

Nauli haijatimia. Hakuna maji ya karibu?

Yapo, ingawa si bahari. Bwawa la Hombolo liko kama kilomita 40 kutoka mjini, zuri asubuhi kwa kutazama ndege; usiingie majini, kichocho kipo. Mtera, njia ya Iringa, ni kubwa mpaka ng'ambo inapotea, lakini kuna viboko na mamba, kwa hiyo unatembea na mwenyeji, mbali na majani marefu. Ninayoipenda mimi ni Singida: mji umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, yenye miamba mikubwa ya mviringo pembeni na heroe wa waridi msimu wao. Upepo wa pale utakuvua kofia. Maji hayajai wala hayapwi, kwa hiyo hata mwenye kuchelewa anasalimika.

Naweza kurudi na samaki kwenye treni?

Wabichi, hapana, tafadhali. Behewa limefungwa, lina kiyoyozi, na jirani yako amevaa suti anakwenda kikaoni. Nunua ng'onda au dagaa waliokauka kabisa, wafunge kwenye mifuko miwili, ya ndani ya plastiki nzito na ya nje ya kitambaa, halafu uliza kaunta ya mizigo kabla ya kupanda. Mwenzetu fundi umeme aliwafunga kwenye gazeti. Tulipofika Morogoro viti viwili vya pembeni yake vilikuwa vitupu, na yeye anasisitiza kwamba wale abiria walikuwa wanashuka hapo.